Nakala ya ajali isipohifadhiwa: kulitafuta kufuli lililokwamisha keneli

Msimamizi wa seva anayekuta skrini yenye maneno `Kernel panic - not syncing`, kisha akafungua folda ya `/var/crash` na kuikuta tupu, amepata hasara mara mbili: mashine imeanguka, na ushahidi wa kilichoiangusha, yaani nakala ya kumbukumbu ya keneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji) wakati wa ajali, umetoweka. Mwongozo huu unashughulikia hasara ya pili. Umeandikwa kwa ajili ya wanaotunza seva za sacco, hospitali, shule na watoa huduma za intaneti katika Kisumu, Kakamega, Kisii na Nakuru, ambako mara nyingi ofisi nzima hutegemea seva moja iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika kwingine, na mtu anayeifahamu hukaa mji mwingine. Sehemu kubwa inahusu Linux. Karibu na mwisho nimegusia FreeBSD kwa ajili ya wanaotumia pfSense, mfumo wa kinga-moto uliojengwa juu yake, kwenye lango la mtandao. Sababu za nakala kukosekana ni nyingi, lakini zilizo ngumu kuzibaini ni zile zitokanazo na makufuli ya ndani ya keneli, yaani alama zinazoruhusu mmoja tu kwa wakati kugusa kitu kinachoshirikiwa, kwa kuwa anayekwama kwenye kufuli haachi ujumbe wowote.

Dalili haziwezi kueleweka bila kuijua safari ya nakala yenyewe. Katika Linux kazi hii hufanywa na kdump, utaratibu unaotegemea kexec (njia ya kuruka kwenda keneli nyingine bila kuwasha mashine upya) na ulioingia katika keneli kwa toleo la 2.6.13 mwaka 2005. Mashine inapowaka, kigezo cha `crashkernel=` hutenga sehemu ya kumbukumbu, na keneli ya pili hupakiwa humo ikakaa bila kufanya lolote. Keneli ya kwanza inapopatwa na paniki, yaani kosa linaloilazimisha kusimama, prosesa moja tu huruhusiwa kuendelea na taratibu za kufa. Nyingine zote husimamishwa zilipo, na kwenye mashine za x86 husimamishwa kwa ukatizaji usiozuilika, ule uitwao NMI, ambao hupenya hata pale prosesa ilipojifungia dhidi ya ukatizaji wa kawaida. Hapo keneli ya pili hushika usukani, huiona kumbukumbu ya marehemu kupitia `/proc/vmcore`, na programu ya makedumpfile huichuja, huibana na kuiandika mahali ulipopachagua.

Prosesa iliyosimamishwa namna hiyo haikupewa nafasi ya kumaliza ilichokuwa ikifanya. Kama ilikuwa imeshika kufuli la foleni ya diski, la konsoli (mahali keneli inapoandikia ujumbe wake) au la mgao wa kumbukumbu, kufuli hilo litabaki limeshikwa, sawa na bafu ambalo aliyejikomea ndani amezirai: walio nje wanaweza kubisha mpaka kesho. Prosesa pekee iliyobaki hai ikilihitaji kufuli hilohilo, itazunguka palepale bila kikomo. Kanuni ninayoifuata katika kila hatua ya mwongozo huu inatokana na hali hiyo: keneli inayokufa ipewe kazi chache kadiri inavyowezekana, maana kila kazi inayoongezwa kabla ya kuruka kwenda keneli ya pili ni kufuli jingine ambalo huenda liko mikononi mwa prosesa iliyokwisha simamishwa.

Anza na mstari wa mwisho wa skrini

Mwombe aliye karibu na seva apige picha ya skrini kwa simu kabla hajagusa kitufe cha kuzima. Picha hiyo moja huokoa saa nyingi za kubahatisha, kwa sababu mahali maandishi yalipokomea panaonyesha hatua ambayo safari ilikatikia.

Ukiona mstari wa `---[ end Kernel panic - not syncing` au maneno `Rebooting in 10 seconds..`, basi keneli ya kwanza ilifika mwisho wa taratibu zake bila kuruka. Mistari hiyo huandikwa tu pale ambapo jaribio la kwenda keneli ya pili halikufanyika au halikufaulu. Ukiona maandishi ya paniki yamekatika katikati, pengine hata katikati ya orodha ya miito, shuku kwanza makufuli ya keneli ya kwanza. Ukiona namba za muda zimeanza upya kutoka `[    0.000000] Linux version`, keneli ya pili iliwaka, na tatizo liko upande wake.

Kuna mtego mmoja. Baada ya kuruka, mara nyingi konsoli ya picha haifanyi kazi tena, hivyo skrini hubaki na maandishi yaleyale ya zamani ilhali nakala inaendelea kuandikwa. Karani aliyeona skrini haibadiliki hubonyeza kitufe cha umeme, na kwa kubonyeza huko huua nakala iliyokuwa karibu kukamilika. Mfundishe kutazama taa ya diski: ikiwa inamweka mfululizo, aiache. Kwa seva yenye poti ya siriali au IPMI (kadi ya usimamizi wa mbali) inayopitisha konsoli kwenye mtandao, weka `console=ttyS0,115200` katika vigezo vya kuwasha, kwa keneli zote mbili, nawe hutahitaji kukisia.

Dalili: seva imeganda, hakuna paniki wala nakala

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote. Watu wa kaunta husema mfumo umelala. Seva inajibu ping, au haijibu kabisa, na hakuna neno la paniki popote. Kdump haina lawama hapa, kwa sababu haikuitwa. Keneli iliyokwama kwenye kufuli haipati paniki yenyewe isipokuwa imeamriwa hivyo, na amri hizo kwa kawaida huja zikiwa zimezimwa.

Tafuta kwanza katika logi za kabla ya kuganda. Maneno `watchdog: BUG: soft lockup - CPU#3 stuck for 22s!` yana maana kwamba prosesa ya 3 imekaa ndani ya keneli zaidi ya sekunde 20 bila kuachia nafasi, jambo ambalo mara nyingi ni kuzunguka kwenye kufuli. Maneno `blocked for more than 120 seconds` ni ya kazi iliyolala ikisubiri kitu ambacho hakiji, pengine kufuli la aina ya kulalia (anayelisubiri hulala mpaka liachiliwe), pengine diski. Ukihitaji nakala katika hali hizi, washa vigezo vifuatavyo katika faili ndani ya folda ya `/etc/sysctl.d/`:

`kernel.softlockup_panic = 1`
`kernel.hardlockup_panic = 1`
`kernel.unknown_nmi_panic = 1`

Kigezo cha nne, `kernel.hung_task_panic`, nakiogopa zaidi. Kwenye seva inayosoma mafaili kutoka NFS (hifadhi ya mafaili ya mtandaoni) kupitia kiungo kinachoyumba, kazi zikingoja dakika mbili si ajabu, na kigezo hicho kitaiangusha mashine nzima kwa sababu tu mtandao ulikatika. Kiwashe kwa muda wa uchunguzi, kisha kizime.

Kigezo cha `unknown_nmi_panic` kina faida yake: hukuwezesha kuiangusha kwa makusudi seva iliyoganda kabisa. Ukiwa Nakuru na seva ikiwa Kisumu, amri ya `ipmitool chassis power diag` hutuma NMI kupitia kadi ya usimamizi, na NMI hiyo hupenya hata prosesa zote zikiwa zinazunguka kwenye makufuli. Njia ya kibodi, yaani Alt+SysRq+c, haitegemeki: Ubuntu huweka `kernel.sysrq` kuwa 176, thamani isiyoruhusu herufi c kutoka kwenye kibodi, ingawa mtumiaji mkuu bado anaweza kuandika moja kwa moja kwenye `/proc/sysrq-trigger` iwapo bado ana mahali pa kuandikia amri.

Ikiwa seva yenyewe ni mashine pepe juu ya KVM, kuna njia bora kuliko zote hizo. Amri ya `virsh dump --memory-only` huchukua kumbukumbu ya mgeni, yaani mashine pepe yenyewe, kutoka nje, bila kumhusisha mgeni na makufuli yake hata kidogo. Katika QEMU, programu inayoendesha mashine hizo, amri sawa na hiyo ni `dump-guest-memory`. Kama una uhuru wa kuchagua, mashine pepe hurahisisha uchunguzi wa makufuli kiasi kwamba ningeihamisha seva sumbufu humo kwa sababu hiyo peke yake.

Dalili: maandishi ya paniki yamekatika katikati

Prosesa inayokufa huanza kwa kuandika sababu ya kifo, na maandishi hayo hupita kwenye draiva za konsoli kabla ya kuruka. Hapo kuna makufuli ya aina mbili. La kwanza lilikuwa la hifadhi ya ujumbe wenyewe. Kuanzia toleo la 5.10 hifadhi hiyo ilianza kujengwa upya iwe bila kufuli, kwa hiyo seva zenye keneli ya zamani zaidi ndizo zilizo hatarini. La pili ni la draiva ya kila konsoli. Draiva ya siriali ya kawaida, ya 8250, imeandikwa kwa busara: inapojua kwamba keneli iko matatani hujaribu kufuli mara moja, na likiwa limeshikwa huandika hivyohivyo, hata kama herufi zitachanganyikana. Si draiva zote zina adabu hiyo. Konsoli ya picha na konsoli ya mtandao hupitia draiva tata zaidi, zenye makufuli yake zenyewe.

Kasi nayo ni muhimu. Siriali ya 9600 hupitisha takriban herufi 960 kwa sekunde, ilhali ya 115200 hupitisha takriban 11,520. Seva inayomwaga maelfu ya mistari kwenye poti ya polepole hushikilia konsoli kwa muda mrefu kiasi cha kuzua onyo la kuganda, hata pale ambapo kosa la awali lilikuwa dogo. Nimeona seva za mitumba zikiwa bado na `console=ttyS0,9600` iliyoachwa na mwenye mashine wa kwanza, na hakuna aliyejua kuwa imo.

Kama maandishi ya paniki yamekamilika, ila baada yake kuna kimya na hakuna mstari wa `end Kernel panic`, chunguza hili:

`cat /sys/module/kernel/parameters/crash_kexec_post_notifiers`

Jibu likiwa `Y`, umepata mshukiwa mkuu. Kigezo hicho huiamuru keneli kuzisimamisha prosesa nyingine kwanza, kisha kuwaarifu wote waliojiandikisha kupashwa habari za paniki, kisha kuhifadhi ujumbe katika pstore (hifadhi ndogo isiyofutika mashine inapowaka upya), na baada ya hayo yote ndipo iruke. Kila anayearifiwa huendesha msimbo wake mwenyewe: mmoja hugusa kadi ya usimamizi, mwingine taa za mbele, mwingine humwandikia mwenyeji wa mashine pepe. Yeyote kati yao akihitaji kufuli lililobaki mikononi mwa prosesa iliyosimamishwa, safari inaishia hapo. Nyaraka za keneli zenyewe zinaonya kuwa kigezo hicho huongeza uwezekano wa kdump kushindwa. Kiondoe, isipokuwa una sababu mahususi ya kukihitaji. Kwenye mashine pepe za Hyper-V (ya Microsoft) utakikuta kimewashwa bila wewe kukiandika, kwa sababu keneli hukiwasha yenyewe inapotambua kwamba iko huko.

Wapo wanaokiwasha ili wapate angalau ujumbe mfupi katika pstore iwapo kdump itashindwa. Hoja hiyo ina uzito kwenye mashine ndogo isiyo na nafasi ya kutenga keneli ya pili. Lakini pstore inayoandika kwenye vigeu vya UEFI (programu-thabiti ya kuwashia mashine) nayo ina kufuli. Wakati wa paniki hulijaribu bila kusubiri, na likiwa limeshikwa rekodi hupotea. Utakuwa umeongeza hatari kwa ajili ya kitu kisicho na uhakika. Kwenye seva yenye gigabaiti 16 au zaidi mimi hutegemea kdump na kuiacha njia yake iwe fupi.

Dalili: `end Kernel panic` imeonekana, lakini hakuna kilichoruka

Sababu ya kawaida si kufuli. Keneli ya pili haikupakiwa. Soma `/sys/kernel/kexec_crash_loaded`, ikiwa ni 0, hakuna pa kurukia. Kwenye Ubuntu na Debian amri ya `kdump-config show` inapaswa kutoa `ready to kdump`. Chunguza kama `crashkernel=` imo katika `/proc/cmdline`, na kama Secure Boot imewashwa, kwani keneli iliyojifunga kwa sababu hiyo hukataa kupakia keneli isiyo na saini; hapo kexec itumike na chaguo la `-s`.

Ikiwa ni 1 na bado hairuki, rudi kwenye kufuli. Kexec ina kufuli lake linalozuia watu wawili kupakia na kupakua kwa wakati mmoja. Paniki inapofika hapo hulijaribu mara moja tu. Ikilikuta limeshikwa huacha na kuendelea kufa bila kuruka. Kufuli hilo hushikwa kwa muda mfupi sana, yaani wakati wa kupakia, kupakua au kubadilisha ukubwa wa kumbukumbu iliyotengwa, kwa hiyo ajali ya namna hii kutokea kwa bahati ni nadra. Hutokea mara kwa mara pale tu kunapokuwa na kitu kinachopakia kdump upya tena na tena. Mtafute mkosaji katika kanuni za udev: kila kumbukumbu au prosesa inapoongezwa au kuondolewa kwenye mashine, kanuni hizo huiamuru kdump ijipakie upya. Kwenye mashine pepe ambayo kumbukumbu yake hupandishwa na kushushwa kufuatana na mahitaji, huduma hiyo inaweza kuwa katika hali ya kujipakia kwa sehemu kubwa ya siku. Kuanzia toleo la 6.6 keneli ina uwezo wa kurekebisha yenyewe orodha ya kumbukumbu na prosesa bila kupakiwa upya. Chini ya hapo, ipe mashine kumbukumbu isiyobadilika.

Kabla ya toleo la 6.1 la mwaka 2022 kulikuwa na kasoro nyingine katika mahali hapohapo. Kufuli la kexec lilikuwa la aina ya kulalia, isiyokusudiwa kushikwa ndani ya NMI, na paniki iliyozaliwa ndani ya NMI, kama ile ya prosesa kuganda kabisa, ingeweza kukwama wakati wa kulifungua. Toleo la 6.1 liliweka badala yake alama nyepesi isiyosubiri kitu. Ubuntu 22.04 ilitoka na keneli ya 5.15, kwa hiyo ikiwa seva yako inashindwa kuhifadhi paniki za kuganda huku zile za kujaribia zikihifadhiwa vizuri, sasisha keneli kabla ya kuendelea kupoteza muda.

Dalili: huduma ya kdump haianzi, au inasubiri mwingine

Hili hutokea mashine ikiwa hai, na ni rahisi. Kwenye jamii ya Red Hat, kdumpctl hushika faili la kufuli ili isiendeshwe mara mbili, na ikilikuta limeshikwa huandika `Another app is currently holding the kdump lock; waiting for it to exit...`. Mara nyingi kuna kdumpctl nyingine inayojenga upya initramfs (mfumo mdogo wa mafaili wa kuwashia keneli ya pili), kazi inayoweza kuchukua dakika kadhaa kwenye diski ya polepole. Tumia `fuser` kumtambua anayelishika. Kulifuta faili hakusaidii, kwa sababu kufuli liko katika kishikizo kilichofunguliwa na mchakato ule. Ukifuta, utaruhusu michakato miwili kujenga initramfs moja kwa pamoja. Kexec yenyewe ikijibu `Device or resource busy`, maana ni ileile katika ngazi ya keneli: subiri kidogo, ujaribu tena.

Dalili: keneli ya pili imewaka, kisha ikakwama

Makufuli ya keneli ya kwanza hayavuki. Keneli ya pili ina kumbukumbu yake na makufuli yake mapya, kwa hiyo anayedai kwamba kufuli la diski la keneli iliyokufa limeikwamisha keneli ya pili anakosea. Kinachoweza kuvuka ni hali ya maunzi. Kadi ya RAID haikuzimwa wala kuwashwa upya. Iliachwa katikati ya amri. Baadhi ya kadi za mtandao, zikiwemo za Intel, zina kufuli ndani ya rejista zake linalogawana kazi kati ya draiva na programu-thabiti ya kadi, na rejista hiyo hubaki ilivyo wakati wa kuruka. Draiva nzuri hulisafisha zinapoanza. Hakikisha vigezo vya keneli ya pili vina `reset_devices` na `nr_cpus=1`; cha kwanza huziamuru draiva kuweka upya vifaa vyao, cha pili hupunguza prosesa hadi moja ili kuokoa kumbukumbu na kuepusha mashindano.

Kufuli linalonasa wengi katika hatua hii, hata hivyo, ni la NFS. Ofisi nyingi hutuma nakala kwenye seva ya hifadhi badala ya diski ya ndani, na ikiwa NFS ni ya toleo la 3, mteja huhitaji rpc.statd kwa ajili ya makufuli ya mafaili. Ndani ya initramfs ndogo ya kdump programu hiyo haimo, na ujumbe utakaouona ni `rpc.statd is not running but is required for remote locking`. Ongeza `nolock` katika chaguo za kupachika, au tumia NFS ya toleo la 4 ambayo haiitegemei. Hakuna hasara yoyote: mwandishi wa nakala ni mmoja, na hakuna wa kugombania faili naye.

Hata ikifanya kazi, sipendi kutuma nakala mbali. Nakala ya gigabaiti 4 kupitia kiungo cha megabiti 10 kutoka Kisumu hadi Nakuru huchukua takriban dakika 53, na muda wote huo huduma imesimama na foleni ya wateja inaongezeka. Iandike kwenye diski ya ndani, acha seva iwake, kisha usafirishe usiku.

Diski iliyosimbwa kwa LUKS huleta ukwamaji unaofanana na kufuli ingawa si kufuli: keneli ya pili inasubiri nenosiri ambalo hakuna wa kuliandika, na hata likiandikwa, njia ya Argon2 ya kutengeneza ufunguo huhitaji kumbukumbu nyingi kuliko ile iliyotengwa. Weka sehemu ya diski isiyosimbwa kwa ajili ya nakala, ukikumbuka kuwa nakala yenyewe ina data za wateja na inapaswa kulindwa.

Dalili: faili la `dump-incomplete` au `vmcore-incomplete`

Uandishi ulianza ukakatizwa. Kwenye seva zilizounganishwa kwa jozi, mwenza aliyeona mwenzake haitiki humkatia umeme ili achukue kazi yake, na humkatia akiwa anaandika nakala. Dawa ni fence_kdump, ambayo hutuma ujumbe kwenye poti ya UDP 7410 kumjulisha mwenza asubiri. Fungua poti hiyo kwenye kinga-moto. Kwenye seva ya pekee, mshukiwa ni kipima-muda cha maunzi kinachoiwasha mashine upya kisipopigwa kwa wakati. Mwingine ni stima. Radi za alasiri za ukanda wa ziwa huiangusha seva na kukata stima kwa pamoja, na UPS ambayo betri yake imechoka haimalizi hata uandishi wa dakika tano. Punguza ukubwa wa nakala kwa `makedumpfile -l -d 31`, ambayo huacha kurasa tupu, za akiba, za programu za watumiaji na zisizotumika.

Kwa watumiaji wa FreeBSD na pfSense

Hapa hakuna keneli ya pili. Keneli ileile iliyokufa ndiyo inayoandika kumbukumbu yake kwenye sehemu ya swapu (eneo la diski linalosaidia kumbukumbu), na mashine inapowaka tena programu ya savecore huihamishia `/var/crash`. Kwa hiyo hatari ya makufuli ni kubwa zaidi kimaumbile, na wajenzi wake waliikabili kwa njia tofauti: baada ya paniki mgawaji wa kazi husimamishwa, na maombi ya makufuli hurudi mara moja bila kusubiri, kana kwamba yamepatikana. Uandishi ukisimama katika asilimia ileile bila kusonga, shuku draiva ya diski, si kufuli. Ikiwa hakuna nakala kabisa, thibitisha kwamba kuna sehemu ya swapu na kwamba `dumpdev` imewekwa. Vifaa vidogo vinavyoendesha pfSense mara nyingi vilisakinishwa bila swapu.

Ukishapata nakala: nani alishika kufuli

Ifungue kwa programu ya crash pamoja na vmlinux (faili la keneli) yenye taarifa za uchunguzi, ya toleo lilelile herufi kwa herufi. Anza na `log`, kisha `bt -a` inayoonyesha kila prosesa ilikuwa wapi. Prosesa iliyo ndani ya `native_queued_spin_lock_slowpath` ilikuwa ikizunguka kwenye kufuli. Kufuli la kuzungukia halihifadhi jina la mwenyewe katika keneli za kawaida, kwa hiyo mwenyewe hutafutwa kwa kusoma miito ya prosesa nyingine, moja baada ya nyingine, mpaka umpate aliye ndani ya eneo linalolindwa na kufuli hilo.

Kufuli la kulalia ni rahisi zaidi. Tuseme anwani yake ni `ffff9a3c42d1e0a0`. Amri ya `struct mutex.owner -x ffff9a3c42d1e0a0` itatoa thamani kama `0xffff9a3c51f38001`. Biti tatu za chini ni alama tu. Zifute, ubaki na `ffff9a3c51f38000`, ambayo ni anwani ya kazi inayolimiliki. Kisha `bt ffff9a3c51f38000` itaonyesha kazi hiyo ilikuwa ikingoja nini. Ikiwa nayo inangoja kufuli jingine, rudia. Ukirudi ulikoanzia, umepata duara la kazi zinazosubiriana, na `foreach UN bt` itakuonyesha kazi nyingine zote zilizonaswa nyuma yake.

Kujaribu kwa namna inayofanana na ajali ya kweli

Jaribio la kawaida la `echo c > /proc/sysrq-trigger` ni la lazima, lakini ni la upole: paniki huzaliwa katika mchakato wa kawaida, mfumo ukiwa umetulia, bila kufuli la maana kushikwa. Seva inaweza kulifaulu kila mara na bado ishindwe siku ya ajali. Endesha jaribio hilo kwanza, kisha ulirudie huku hifadhidata ikiandika kwa nguvu na mtandao ukiwa na mzigo. Baada ya hapo tuma NMI kwa ipmitool, ili kuipima njia ya ukatizaji. Kama keneli yako ina modyuli ya lkdtm, inayosababisha ajali kwa makusudi, andika `HARDLOCKUP` katika `/sys/kernel/debug/provoke-crash/DIRECT` ili kugandisha prosesa moja. `SPINLOCKUP` nayo huandikwa mara mbili, ya kwanza ikishika kufuli na ya pili ikijinasa kwalo. Vigezo vya sysctl vilivyotajwa juu viwe vimewashwa, la sivyo utakuwa umeigandisha seva bila kupata kitu. Fanya hivi Jumamosi alasiri ofisi ikiwa imefungwa na hifadhidata imeshanakiliwa kwingine, na umwache mtu mmoja kando ya seva mwenye simu ya kupiga picha za skrini.